Mstari Nilioandika kwa Ajili ya Wageni

Mmenilalamikia, na mna haki. Mnasema mmerithi programu ya Mfuatano pale idarani, mmeifungua, mmekuta mistari elfu kadhaa yenye maelezo ya kubahatisha, na mahali pamoja pameandikwa tu: "Usiguse hapa. Ndahani." Mnataka kujua kwa nini msiguse. Mimi nimestaafu, nakaa Makole, asubuhi namwagilia mizabibu yangu minne ambayo haijawahi kuzaa, na muda ninao. Basi nitawaambia. Ila mnivumilie, kwa sababu sijawahi kueleza jambo kwa kunyoosha, hata mke wangu atawathibitishia.

Kwa wale ambao hawakunikuta kazini, sikuwa mhadhiri. Nilikuwa fundi. Ujana wangu niliumalizia kwenye kibanda cha kutengeneza redio, na chuo kilipofunguliwa kule mlimani wakawa wanatafuta watu wanaojua kushika bisibisi bila kujichoma, nikaajiriwa kuhudumia kompyuta. Kazi ilikuwa kupiga vita vumbi. Vumbi la Dodoma mnalijua, linaingia hata kwenye kitu kilichofungwa kwa gundi. Hisabati niliiacha kidato cha nne, nayo iliniacha mapema zaidi.

Aliyenirudisha ni Dokta Hadija. Wengi wenu mmeona picha yake ukutani tu. Alikuwa mhadhiri wa hisabati, mwenyeji wa Chemba, Msandawe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anayetupia kanga begani hata kwenye vikao vya wakubwa. Kompyuta ikimkera aliigombeza kwa Kisandawe, na lugha ile ina vidoko ndani yake, ulimi unagonga kaakaa kama mtu anavunja kijiti kikavu. Sisi mafundi tulijifunza kuhesabu. Kidoko kimoja, ana tatizo dogo, maliza chai yako. Vitatu mfululizo, chukua bisibisi ukimbie.

Siku ya kwanza aliyoniita ilikuwa ya vidoko vitatu. Alisema kompyuta imeganda. Nikaikagua, nikakuta haijaganda hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi kuliko mtu yeyote katika jengo lile, imejaza memori yote, feni inalia.

"Dokta," nikamwambia, kwa ule ujasiri wa fundi ambaye hajaulizwa swali la pili, "programu yako ni mbovu. Imeingia kwenye mzunguko, haitoki."

"Si mbovu. Inatafuta."

"Inatafuta nini?"

Akanitazama kama anapima kama nafaa kupewa jibu. Kisha akavuta kiti. "Kaa. Wewe kwenu wapi?"

"Haneti."

"Mlenda mnakula?"

"Dokta, Mgogo unamuuliza kama anakula mlenda?"

"Majani mnayahifadhi vipi?"

"Tunaanika, yakikauka tunatwanga, tunaweka unga wake."

"Mkitwanga kwanza, ndipo mkaanika?"

Nikacheka. "Utapata bonge la kumpiga nalo mbwa."

"Basi kuanika tuite a, kutwanga tuite b. Shuleni walikufundisha a mara b ni sawa na b mara a. Kwa namba ni kweli. Kwa majani ya mlenda si kweli, na kwa mambo mengi ya ulimwengu si kweli. Hesabu zangu ni za vitu ambavyo ukivipindua mpangilio umepata kitu kingine. Na mashine hii sikuipa namba. Nimeipa herufi zenyewe, na kanuni za kubadilisha herufi."

Kisha akageuza bahasha kuukuu akaandika: aba ni sawa na ab. Vijana, chukueni kalamu mfuate, maana hapa ndipo moyo wa programu mnayoilalamikia ulipo.

"Popote ukiona aba, weka ab," akasema. "Sasa nifupishie neno hili." Akaandika ababa. "Anza na herufi tatu za kushoto."

Nikabadilisha, nikapata abba. Hakuna pa kuendelea.

"Anza na tatu za kulia."

Nikapata abab. Nikaona aba nyingine imejitokeza mbele, nikabadilisha tena, nikapata abb.

"Neno moja, majibu mawili," akasema. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mahali pamoja nimekosea."

"Hujakosea popote. Kwa hiyo abba na abb ni kitu kimoja, ila kanuni yetu ya kwanza haikuwa na uwezo wa kukwambia. Hiyo ni kanuni mpya. Iandike chini ya mwenzake. Sasa zigonganishe zote mbili, yaani tunga neno ambalo mwisho wa moja ni mwanzo wa nyingine, ulifupishe kwa njia zote mbili."

Nikazigonganisha. Nikapata kanuni ya tatu, kama ile ya pili lakini yenye b tatu katikati. Nikagonganisha tena, ikaja yenye b nne. Halafu tano. Bahasha ikajaa mpaka kwenye stempu.

"Itafika wapi?" akauliza.

"Haifiki," nikasema, na nawaambia kweli, nywele zilinisimama. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nimekaa kwenye ofisi yenye vumbi, na kwa mara ya kwanza maishani nimeona kwa macho yangu kitu kisicho na mwisho kikitoka kwenye herufi mbili.

"Wewe umeona," akasema Dokta Hadija. "Mashine haioni. Itagonganisha mpaka memori iishe. Kuna maswali ambayo orodha ya kanuni inafunga, ukigonganisha zozote hupati mpya, na hapo unaweza kujibu lolote. Kuna maswali ambayo haifungi kamwe. Na hakuna njia moja ya kukwambia mapema hili ni la aina gani."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu siku ile mpaka nikastaafu. Kwa mchana nilikuwa fundi wa vumbi, na kila nafasi niliyopata nilikuwa mwanafunzi wa mama yule. Alinifundisha kuandika programu kama mtu anavyomfundisha mwingine kupika, kwa kusimama pembeni na kukataa kushika mwiko.

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa kikomo. Nilimshauri tuiambie mashine kwamba kanuni ikizidi urefu wa herufi kumi na mbili, isiihangaikie, isimame itoe jibu. Akakubali, ila akaweka sharti. Mfuatano itakuwa na majibu matatu. Ukiuliza kama maneno mawili ni sawa, na yote mawili yakafupishwa mpaka yakakutana, jibu ni NDIYO, na hatua zote zionyeshwe. Orodha ikifunga na maneno hayajakutana, jibu ni HAPANA. Na orodha isipofunga, mashine ikafika kwenye kikomo bila maneno kukutana, iandike SIJUI BADO, na itaje imefika herufi ngapi.

"La tatu ndilo la muhimu," alisema. Niliandika vile alivyosema, kwa sababu alisema. Sikuelewa.

Ngoja niwape mambo ya mikono kabla sijasahau, maana haya ndiyo mliyoomba.

Gonganisheni kanuni fupi kwanza. Vijana wote huja na shauku ya kuanza na ndefu kwa sababu zinaonekana za maana. Fupi ndizo zinazofagia njia. Kila kanuni mpya ikizaliwa, iandikeni kwenye diski papo hapo, msisubiri. Mimi nimepoteza kazi ya siku tisa kwa umeme kukatika mara moja, na nilikaa kwenye ngazi za jengo kama mtu aliyefiwa. Kanuni mpya ikifupisha kanuni ya zamani, ya zamani itupeni, la sivyo orodha itanenepa bure. Na msiamini kasi. Mwaka fulani niliifanya Mfuatano iwe na kasi mara kumi, nikatembea korido nzima nikitafuta wa kumwambia, mpaka Dokta akagundua kwamba nusu ya migongano nilikuwa nairuka. Alipiga kidoko kimoja tu. Kilinitosha wiki nzima.

Halafu kuna Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi Dokta Hadija alikuwa anachagua NDIYO moja kutoka kwenye maabara ya wanafunzi, jibu lolote, na kuifanya yote kwa mkono kwenye daftari la mistari ya mraba, hatua kwa hatua. Kazi hiyo aliiita kumsahihisha mtoto. Nimeona madaftari hayo, yamejaza kabati mbili. Hakuna aliyemwagiza, hakuna aliyempandisha cheo kwa ajili yake. Nikisema namheshimu mama yule kuliko watu wengi walionipa amri, ni kwa sababu ya kabati mbili zile.

Sasa tuje kwenye mstari.

Muhula mmoja mama yake Dokta Hadija aliugua, naye akaenda Chemba kumuuguza. Wakati huohuo tukaambiwa wageni wa heshima wanakuja kutembelea idara, na Mfuatano ni moja ya vitu watakavyoonyeshwa. Nani aonyeshe? Dokta hayupo. Ndahani, fundi wa vumbi, ndiye aonyeshe. Nilinunua shati jipya. Nilikata nywele mara mbili katika wiki moja.

Asubuhi ya wageni nikafanya majaribio mbele ya wenzangu. Swali la kwanza NDIYO, la pili NDIYO, la tatu mashine ikafikiri kidogo, ikaandika SIJUI BADO. Mwenzetu mmoja akaangua kicheko. "Sasa hii kompyuta gani inasema sijui? Si bora umuulize binamu yangu, na yeye hajui!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, lakini shati jipya lilianza kunibana.

Nikakaa kwenye kibodi. Nikatafuta mstari ule kwenye mashine ya maabara. Nikafuta SIJUI BADO, nikaandika HAPANA. Pembeni nikajiandikia: "Kwa muda tu. Nitarudisha Jumatatu."

Wageni walifurahi sana. Walipiga makofi.

Jumatatu hapakuwa na umeme mpaka Jumatano. Jumatano printa ya uhasibu ikaungua. Baada ya hapo sikumbuki, na hilo ndilo baya lake, kwamba hakuna kitu cha kukumbuka. Dokta aliporudi hakuona kitu, kwa sababu alitumia nakala yake mwenyewe kwenye kompyuta yake. Ijumaa zake zilikuwa za NDIYO tu, maana NDIYO ndiyo inayokuja na hatua za kukagua. HAPANA ya Mfuatano aliiamini, kwa kuwa aliijenga ili isitoke ovyo.

Miaka minne ikapita.

Karibu na kustaafu nikapewa kazi ya mwisho, kuihamisha Mfuatano kutoka lugha ya zamani kwenda hii mnayoitumia ninyi. Kazi hiyo inakulazimisha kusoma kila mstari kana kwamba uliandikwa na adui. Nikafika pale. Nikasoma: "Kwa muda tu. Nitarudisha Jumatatu." Mwandiko wa kompyuta hauna sura ya mtu, lakini niliijua sauti yangu.

Mfuatano huhifadhi kila swali linaloulizwa, pamoja na jina la aliyeuliza. Nikayatafuta maswali yote ambayo mashine ilikuwa imefika kwenye kikomo, na badala ya kukiri ikajibu HAPANA. Mengi yalikuwa mazoezi ya darasani, hayakumdhuru mtu. Halafu nikakuta swali moja lililoulizwa mara sita kwa siku moja. Herufi nne, kanuni tano, maneno mawili marefu: je, ni sawa? HAPANA. Saa moja baadaye, swali lilelile. HAPANA. Mara sita. Jina ni Veronika.

Nilimkumbuka mara moja. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa Dokta Hadija, binti mkimya wa Gulwe, kule Mpwapwa kwenye reli. Utafiti wake wote ulisimama juu ya dai moja, kwamba maneno yale mawili ni sawa. Muhula ule ule Dokta akiwa Chemba, Veronika aliacha barua chini ya mlango: ameona dai lake si la kweli, mashine imelikataa, anaomba radhi kwa kumpotezea mwalimu muda. Akaondoka. Tulisikia anafundisha sekondari kwao. Tulisikitika, tukaendelea na kazi.

Nilienda kwa Dokta Hadija nikiwa nimeshika karatasi zile kwa mikono miwili. Nikamwambia yote, mpaka shati. Hakupiga kidoko. Afadhali angepiga.

"Kosa hilo ni lako," akasema hatimaye. "La kwangu ni kwamba nilirudi nikasoma barua yake na sikuuliza orodha ilifunga au haikufunga. Niliamini. Mimi, wa Ijumaa."

"Dokta, nitaliendesha swali lake sasa hivi kwa kikomo kikubwa. Likitoka NDIYO nitampelekea."

"Na likitoka SIJUI BADO?"

Nikazikunja zile karatasi.

"Utapata sababu ya kutokwenda," akasema. "Ndahani, usimpelekee jibu. Swali ni lake. Nenda kamrudishie, na umwambie ulichofanya."

Ninawaambia ukweli, nilimchukia kwa nusu siku. Nilitaka kwenda na zawadi mkononi. Alininyima zawadi, na alikuwa sahihi.

Nikapanda treni mpaka Gulwe na kompyuta ya mkononi kwenye mfuko wa rambo, isionekane. Nilimkuta Veronika kwenye chumba cha walimu, saa ya mapumziko, anasahihisha madaftari. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Mzee Ndahani! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu, karibu kiti. Habari za Dodoma? Dokta hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Nimekuja kwa jambo langu mwenyewe." Na kabla hajaniletea chai nikasema, maana nilijua nikishaishika chai nitaanza kuzungumzia mvua. Nikamwambia wageni, kicheko, mstari, Jumatatu. Nikamwambia mashine haikukataa dai lake. Ilichoka njiani, na mimi niliifundisha kusema uongo.

Aliendelea kusahihisha. Vema, vema, kosa. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Siku ile ilifika herufi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kwa hiyo haikumaliza."

"Haikumaliza."

Akaweka kalamu nyekundu chini. "Mzee, unajua nilimwambia nini mama yangu? Sikumwambia nimeacha. Nilimwambia kazi ile inataka watu wenye akili, na mimi nimejipima, sina."

Kengele ikalia. Akainuka, akachukua chaki, akaenda kufundisha kipindi chake. Nilikaa pale dakika arobaini nikimsikiliza kupitia dirishani akieleza milinganyo kwa kidato cha pili, kwa upole, akirudia mara ya pili na ya tatu bila kumkaripia mtu. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na hapohapo nilimstaajabia. Mtu aliyeamini hana akili alikuwa anawagawia wengine aliyo nayo, kila siku, bila hasira.

Aliporudi mikono ilikuwa myeupe kwa chaki. "Umekuja na kompyuta?"

Nikaitoa kwenye rambo. Akavuta kiti.

"Herufi mlizipangaje?"

Hapa niwaeleze. Maneno mawili yakiwa na urefu sawa, mashine lazima ijue lipi liitwe kubwa ili libadilishwe kuwa dogo. Sisi tulitumia mpangilio wa alfabeti, kama kamusi. Hatukuwa na sababu yoyote zaidi ya mazoea.

"Alfabeti," nikasema. "Kama kawaida."

"Nipe." Akageuza. Ya mwisho akaiweka ya kwanza, mbili za kati akazipishanisha. Hakuandika popote, alikuwa nayo kichwani. "Hili nililifikiria kwenye basi nikirudi nyumbani, wiki ileile. Nikajiambia, lakini imeshasema hapana, unapanga upya kitu gani?"

Akabonyeza. Kanuni zikaanza kushuka kwenye skrini, sita, kumi, kumi na tano. Kwenye ya kumi na tisa zikasimama. Hapakuwa na mgongano uliobaki. Orodha ilikuwa imefunga, chai yangu haijapoa. Chini yake ikaandikwa NDIYO.

Fikirini, vijana. Siku ile ya maswali sita, kama angesoma SIJUI BADO, angejaribu mpangilio ule hata kabla ya chakula cha mchana. Mtu akiambiwa njia bado haijajulikana anatafuta nyingine. Akiambiwa hakuna, anafunga mzigo.

Mimi machozi yalinitoka. Yeye hakulia. Alifungua daftari jipya la mwanafunzi, akaanza kunakili kanuni zote kumi na tisa kwa mkono.

"Imeshathibitisha, mwanangu," nikamwambia. "Hatua zote zimo."

"Safari hii nataka nione mwenyewe." Kisha, bado anaandika, "Treni yako saa ngapi, mzee?"

Nilielewa. Niliaga nikaondoka. Nilisubiri stesheni saa tatu nzima, na nilistahili kila dakika.

Nilirudisha mstari siku iliyofuata, kwa mkono wangu, na ndipo nikaandika lile onyo mliloliona. Veronika alimtumia Dokta Hadija daftari lile baada ya wiki tatu. Dokta alilikagua lote, Ijumaa mbili, hakuweka alama hata moja ya kosa. Mwaka uliofuata binti alirudi chuoni, akamaliza, na kazi yake iko maktabani kwenu, rafu ya hisabati, jalada la bluu. Kasomeni. Ina uzuri ambao hata mimi wa kidato cha nne nauona.

Nilikwenda kuisoma mimi mwenyewe baada ya kustaafu. Nilianza na ukurasa wa shukrani, kama kila mtu. Amemshukuru mama yake, amemshukuru Dokta Hadija, amewashukuru wanafunzi wake wa Gulwe. Mimi simo. Nikapitia tena, labda nimeruka mstari. Simo. Nilisema moyoni, ni haki, na iliniuma vilevile.

Kisha nikafika sura ya tatu, pale mtafiti anapotakiwa kueleza vifaa alivyotumia na kwa nini viaminike. Ameandika kwa Kiingereza, nami nawapa kwa Kiswahili: "Mahesabu yalifanywa kwa Mfuatano, programu iliyotungwa na Dokta Hadija na fundi Ndahani. Inaweza kuaminiwa, kwa sababu pale inapokuwa haijui, husema haijui."

Nilikuwa nimesimama. Ilinibidi nitafute kiti. Kazini walinipa cheti na saa ya ukutani siku ya kuagwa, na nilivipokea kwa furaha, lakini hakuna aliyewahi kuandika juu ya kazi yangu kitu kikubwa kama kile, na aliyekiandika ni yule mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kuandika kinyume chake.

Sasa mmejua kwa nini msiguse. Programu ni yenu, ibadilisheni mtakavyo, iandikeni upya kwa lugha yoyote itakayokuja, ifanyeni iwe na kasi ya kuwatia kizunguzungu. Lakini Veronika ameshawaambia wasomaji wake kwamba inasema kweli, na ameweka jina lake chini ya maneno hayo. Msimfanye mwongo.